Sheria ya barabarani haiishii bungeni

Kila Mkenya anaujua mstari wa manjano wa matatu. Hata mtoto wa darasa la pili akiambiwa achore matatu, atachora magurudumu, atachora madirisha, kisha ataupaka huo mstari ubavuni. Lakini fungua Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, uisome tangu kifungu cha kwanza hadi cha mwisho: mstari huo hutaukuta. Wabunge hawakuujadili wala kuupigia kura. Ulitokana na tangazo la waziri, lililochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwaka 2003 kama Tangazo la Kisheria Nambari 161, na utekelezaji wake ukaanza Februari 2004.

Ndivyo yalivyo mengi yanayomkuta msafiri njiani. Sheria inayopita bungeni husema mambo mazito kwa maneno machache: gari liwe zima, dereva awe na leseni, aliyelewa asishike usukani. Haielezi kwa kina gari litakaguliwa kwa vipimo gani, ulevi utapimwaje, faini ya kosa dogo italipwa vipi, wala afisa aandike karatasi ipi anapomsimamisha dereva pale Mlolongo saa mbili usiku. Hayo yameachiwa kanuni. Kifungu cha 119 cha Sheria ya Trafiki kinampa waziri mamlaka ya kuzitunga. Chini ya kanuni kuna miongozo ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, na amri za kudumu za Inspekta Jenerali wa Polisi. Na chini kabisa kuna agizo la mdomo, linalotolewa asubuhi kituoni kabla ya maafisa kwenda kuweka vizuizi barabarani.

Naamini uhai wa abiria unategemea ngazi hizo za chini kuliko ile ya juu. Sheria mama yetu ilianza kutumika Januari 1954, enzi ya mkoloni, na ingawa imerekebishwa mara nyingi, umbo lake ni lile lile. Kilichobadilisha safari ya Mkenya, kwa wema au kwa ubaya, ni kanuni. Na kanuni ndicho kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukitia machoni.

Tuanze na zile zilizofanya kazi. John Michuki, mbunge wa Kangema, alipewa Wizara ya Uchukuzi na Mawasiliano katika serikali ya Mwai Kibaki iliyoingia madarakani baada ya uchaguzi wa Desemba 2002. Matatu wakati huo zilikuwa zimeshindikana. Zile ndogo ziliruhusiwa kubeba abiria 18, na saa za jioni idadi hiyo ilikuwa ya kwenye makaratasi tu; watu walipakatana, wengine wakasimama wamejikunja migongo, na makanga akaning'inia mlangoni gari likienda kasi. Michuki hakusubiri sheria mpya. Alichukua mamlaka ambayo uwaziri ulikuwa nayo tayari chini ya ile sheria ya 1954, akaandika kanuni.

Kanuni zenyewe zilikuwa za kueleweka. Matatu ya abiria 18 ibebe 14. Kila kiti kiwe na mkanda wa usalama. Magari ya abiria, pamoja na malori yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,048 yakiwa matupu, yafungwe kidhibiti mwendo ili yasipite kilomita 80 kwa saa. Mstari wa manjano ubavuni, na njia ya gari iandikwe ionekane. Dereva avae sare ya buluu, makanga avae maruni. Wote wawili wawe na cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na mwenye gari awaajiri kazi ya kudumu badala ya kuwaacha wahangaikie kibarua cha siku.

Ipo moja ambayo watu huipita haraka, nami naiona kuwa bora kuliko zote: picha ya dereva ibandikwe ndani ya gari, mahali ambapo abiria wataiona. Fikiria ilivyofanya kazi. Kabla ya hapo, mwenye kibali cha kuendesha gari angeweza kumwachia usukani kijana yeyote aliyekaa kijiweni akisubiri zamu, na abiria asingejua hadi gari lilale mtaroni. Sasa abiria aliyekaa kiti cha mbele alitazama picha, akatazama uso, akajua. Hakuhitaji kusomea sheria. Hakuhitaji afande awepo. Mstari, sare, picha, mkanda, idadi ya viti: vyote vilikuwa vitu ambavyo mama aliyetoka sokoni Gikomba na kikapu chake aliweza kuvikagua kwa macho akiwa bado hajakaa. Kanuni ikitungwa hivyo, kila abiria anakuwa mkaguzi, na polisi mmoja kwenye kizuizi hawezi kuiuza peke yake.

Wenye matatu waligoma. Watu wa Kangemi, Kawangware na Umoja walitembea kwa miguu kwenda kazini, wengi wakilaani serikali, wengi zaidi wakisema na litendeke. Waziri hakulegeza. Matatu zikarudi barabarani zimepakwa rangi, zimeshonwa mikanda, na abiria wakaanza kuambiana wenyewe kwa wenyewe: funga mkanda. Katika miezi ile ya mwanzo ajali zilipungua, na nchi nzima ikaziita kanuni zile kwa jina la aliyezitunga. Hadi leo ukisema Kanuni za Michuki, hakuna anayeuliza unamaanisha nini.

Kisha zikazembewa. Mikanda ilichakaa isibadilishwe. Vidhibiti mwendo vilifungwa siku ya ukaguzi, vikachokonolewa waya siku iliyofuata. Ubao wa mbao ukarudi katikati ya viti viwili ili mtu wa tatu apate pa kukaa. Michuki alihamishiwa wizara nyingine, na akafariki Februari 2012. Hakuna aliyezifuta kanuni zake. Ziliendelea kuwa sheria kila siku ya Mungu huku zikivunjwa mbele ya macho ya waliolipwa kuzitekeleza.

Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta alisema hadharani kwamba vijana wanaochora matatu waachwe na sanaa yao. Sina ugomvi na michoro. Ni kazi ya mikono ya vijana wa Nairobi na inawalisha. Ugomvi wangu ni kuhusu njia. Tangazo la kisheria hubadilishwa na tangazo jingine la kisheria, lenye nambari na tarehe, linaloeleza kipi kimeondoka na kipi kimebaki. Likibadilishwa kwa kauli ya jukwaani, afisa wa barabarani hubaki na kanuni mkono mmoja na kauli ya mkubwa mkono wa pili, na katikati yake dereva anaulizwa ana nini mfukoni.

Mambo kama hayo yalijirudia Januari 2018. Desemba ya 2017 ilikuwa imeisha vibaya: usiku wa kuamkia mkesha wa mwaka mpya, watu zaidi ya 30 walikufa Migaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, basi na lori vilipogongana. Siku chache baadaye Rais akaagiza maafisa wa NTSA waondoke barabarani, kazi ya kusimamisha magari wabaki nayo polisi wa trafiki. Huenda agizo lilikuwa na sababu nzuri, maana wenye magari walikuwa wakilalamika kusimamishwa mara mbili na vikosi viwili. Lakini NTSA iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 2012. Mgawanyo wa kazi kati yake na polisi ulistahili kuandikwa, usomwe na pande zote mbili, uwekwe mahali mwananchi anaweza kuupata.

Oktoba 2018 likaja la Fort Ternan. Basi lililotoka Nairobi usiku kuelekea Kakamega lilipinduka Kericho alfajiri, paa likang'oka, watu zaidi ya 50 wakafa. Baadaye polisi walisema basi hilo halikuwa na idhini ya kusafiri usiku. Msomaji jiulize: kutoka Nairobi hadi Kericho lilipita vizuizi vingapi? Kanuni ilikuwepo. Karatasi iliyokuwa ikihitajika ilijulikana. Aliyetakiwa kuiuliza alijulikana.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Novemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i na mwenzake wa Uchukuzi James Macharia walianzisha msako wa nchi nzima. Magazeti yaliandika kuwa Kanuni za Michuki zimerudi. Zimerudi kutoka wapi, ilhali hazikuwahi kuondoka? Asubuhi hiyo watu walitembea kwa miguu tena kama walivyotembea 2004, na matatu nyingi zilijificha gereji zikishonwa mikanda upya. Msako ukaendelea siku kadhaa, ukapoa. Utekelezaji unaokuja baada ya kila mazishi makubwa humfundisha dereva jambo moja tu, kwamba avumilie wiki mbili.

Hiyo ni kanuni iliyotungwa vizuri ikatelekezwa. Ipo hadithi nyingine, ya kanuni iliyokimbia ikaiacha sheria mama nyuma, na hii inahitaji kuelezwa taratibu kwa sababu wengi waliisikia nusu nusu.

Mwaka 2011 waziri alichapisha kanuni za kupima ulevi kwa pumzi. Ziliweka kiwango: mikrogramu 35 za kileo katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Mwisho wa 2013 vipimo vikaanza kutumika, na kifaa kikapata jina ambalo kila mlevi wa Nairobi na Nakuru alilijua: Alcoblow. Ijumaa usiku vizuizi viliwekwa karibu na maeneo ya starehe, dereva akapuliza, namba ikajitokeza, akalala ndani hadi Jumatatu. Watu walianza kuacha magari nyumbani. Walianza kupanda teksi. Kama lengo lilikuwa kuwatoa walevi kwenye usukani, lilikuwa linatimia.

Kesi ya kuzipinga kanuni hizo ikafika Mahakama ya Rufaa, na mwaka 2017 mahakama hiyo ikasema kanuni zile zimekwenda kinyume cha sheria. Soma kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki uone tatizo. Kinamtia hatiani dereva ambaye, kwa sababu ya kilevi, ameshindwa kulimudu gari sawasawa. Yaani upande wa mashtaka uthibitishe kwamba mtu huyu, usiku huu, hakuwa na uwezo wa kuliongoza gari. Kanuni zilisema jambo lingine: ukizidisha namba fulani, umekosa, hata kama ulikuwa ukiendesha vizuri. Hilo ni kosa jipya. Pengine ni kosa linalofaa kabisa kuwepo, na nchi nyingi zinalo. Lakini waziri hana mamlaka ya kuunda kosa ambalo sheria iliyomtuma haikulitaja. Kazi ya kuligeuza liwe kosa ilikuwa ya Bunge, na Bunge halikuifanya.

Nimewasikia watu wengi wakiwalaumu majaji kwa uamuzi huo, wakisema waliwafungulia walevi mlango. Siafikiani nao. Kosa lilikuwa kwa walioona ni rahisi zaidi kuchapisha tangazo kuliko kwenda bungeni kurekebisha kifungu kimoja. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 94, inasema wazi kwamba hakuna mtu wala chombo nje ya Bunge chenye uwezo wa kutunga jambo lenye nguvu ya sheria, ila kwa idhini iliyotolewa na Katiba au sheria. Na idhini hiyo lazima itaje madhumuni na mipaka yake. Walioandika kanuni za pumzi walikuwa na miaka kadhaa ya kurekebisha. Kilichopotea kati ya 2013 na 2017, mbali na fedha za mashtaka, ni imani ya raia kwamba anachoambiwa na polisi usiku ndicho sheria inachosema mchana.

Bunge lenyewe lilikwisha kujiwekea kinga mwaka 2013, kwa sheria inayosimamia utungaji wa kanuni zote nchini. Sheria hiyo inataka wadau na umma wasikilizwe kwanza. Inataka gharama na faida za kanuni zipimwe kwa maandishi. Inataka kanuni ikishachapishwa ifikishwe bungeni ndani ya siku 7 za vikao, na isipofikishwa inapoteza nguvu. Na inasema, jambo ambalo mawakili wengi hulitumia na wananchi wachache hulijua, kwamba kanuni hufa yenyewe ikifikisha miaka 10 tangu itungwe, isipokuwa muda wake uongezwe kwa njia iliyowekwa. Kwa hiyo, wizara isiyoweka kalenda ya kanuni zake inaweza kuamka siku moja ikakuta inawakamata watu kwa maandishi yaliyokwisha muda.

Katika hilo nakiri serikali imejirekebisha kiasi. Mwaka 2025 Wizara ya Uchukuzi ilitoa rasimu za kanuni kadhaa kwa pamoja, zikiwemo za ukaguzi wa magari, usafiri wa wanafunzi na uendeshaji baada ya kunywa pombe, ikaziandalia mikutano ya hadhara kabla ya kuzichapisha kuwa sheria. Hiyo ndiyo njia. Mikutano hiyo huwa na viti vitupu vingi, na hilo ni letu sisi. Dereva wa lori anayeendesha kutoka Mombasa hadi Malaba anajua kuhusu ukaguzi wa magari kuliko wakili yeyote wa wizara, lakini hayumo ukumbini, yuko barabarani akitafuta riziki.

Sasa tushuke hadi pale dereva na afisa wanapokutana uso kwa uso. Wote tunayajua mazungumzo yake.

"Leseni." Dereva anaitoa.

"Gari lako lina makosa." Afande, makosa gani? "Wewe unayajua."

Kimya kinafuata, na katika kimya hicho ndipo pesa hubadilisha mikono. Nchini kwetu tumezoea kusema ni tabia mbaya ya polisi, au tabia mbaya ya dereva, tukaishia hapo. Mimi nasema kimya kile kinawezekana kwa sababu dereva hajui mambo matatu: kosa lake linaitwaje, limeandikwa wapi, na adhabu yake ni kiasi gani. Angeyajua, bei isingekuwepo ya kujadili.

Na yameandikwa. Mwaka 2016 zilichapishwa kanuni za makosa madogo ya trafiki, zenye orodha ya makosa 37 na faini ya kila moja. Kwa mwendo kasi zilipanda kwa ngazi: ukizidisha kikomo kwa kilomita 1 hadi 5 kwa saa, unaonywa, 6 hadi 10, shilingi 500, 11 hadi 15, shilingi 3,000, 16 hadi 20, shilingi 10,000. Kutumia simu ukiendesha, 2,000. Kupanda na gari kwenye njia ya waendao kwa miguu, 5,000. Mtu anayelijua hilo, akiambiwa na afisa kwamba kwa kilomita 8 za ziada atalala ndani na kesho atatozwa makumi ya maelfu, anajua anadanganywa. Asiyelijua anatoa elfu mbili, anashukuru, anaondoka.

Hata Katiba yenyewe imo ndani ya lile gari. Kifungu cha 49 kinasema anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. Kinasema pia mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi 6. Makosa mengi ya barabarani ni ya namna hiyo. Na dhamana ya polisi si faini: ni fedha ya mtu, inayoandikiwa risiti, na ni haki yake kuidai akishafika kortini. Nimezungumza na madereva walioiacha dhamana kituoni wakiamini kesi imekwisha, kumbe wametajwa kortini, wakatolewa hati ya kukamatwa. Hakuna aliyewafafanulia. Karatasi waliyopewa ilikuwa imejazwa kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa haraka.

Tusidhani matatizo ya kanuni za barabarani ni ya Kenya pekee. Jirani zetu wa Tanzania waliishi na marufuku ya mabasi kusafiri usiku kwa takriban miaka 30. Mabasi yalilala njiani, abiria wakalala kwenye viti, wafanyabiashara wakapoteza siku. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilitolea kauli bungeni Dodoma Juni 2023, na kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo mabasi yakaruhusiwa kutembea saa 24 chini ya usimamizi wa LATRA, mamlaka ya huko inayodhibiti usafiri wa nchi kavu. Mjadala uliofuata ulihusu vidhibiti mwendo, madereva wawili kwa safari ndefu, mifumo ya kufuatilia mabasi. Huo ndio mjadala uliofaa tangu mwanzo, maana kinachoua ni dereva aliyechoka na mwendo usiozuiwa, mchana na usiku. Hapa kwetu kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014 zinasema dereva asiendeshe zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Panda basi la Nairobi kwenda Busia kisha lirudi, umwulize dereva kwa upole amelala lini.

Mwaka 2024 barabara zetu ziliua watu zaidi ya 4,700 kwa hesabu ya NTSA. Wengi walikuwa wanatembea kwa miguu au wako kwenye bodaboda. Hawa hawana mkanda wa kufunga wala picha ya dereva ya kutazama, na kanuni nyingi nilizozitaja hapa zilitungwa zikimlenga abiria wa matatu. Kanuni ya mtembea kwa miguu, ile itakayomlazimisha mhandisi aweke kivuko penye shule na kumlazimisha afisa asimame hapo saa za watoto badala ya kusimama penye magari mengi, bado sijaiona ikitekelezwa kwa ari ya Michuki. Naingoja.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji pesa nyingi wala kura bungeni. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, lakini kanuni za barabarani huchapishwa kwa Kiingereza, katika Gazeti Rasmi ambalo makanga wa Kayole au mwendesha bodaboda wa Kwale hajaliona hata siku moja. Tunawaadhibu watu kwa maandishi ambayo hatujawapa.

Ombi langu kwa Wizara ya Uchukuzi na NTSA ni hili. Chukueni ile orodha ya makosa na faini, iandikeni kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa herufi kubwa, kisha ibandikeni katika kila kituo cha matatu, kila kituo cha polisi na kila stendi ya bodaboda kuanzia Vanga hadi Lodwar. Kila karatasi ya mashtaka ya trafiki iwe na sehemu ya Kiswahili inayotaja kifungu na kiwango cha juu cha adhabu. Kila kanuni mpya isomwe redioni kwa wiki nzima kabla ya polisi wa kwanza kuitumia.

Nawe msomaji, ukisimamishwa, usibishane wala usitoe kitu. Salimia, toa leseni, kisha uliza kwa heshima: "Afande, ni kifungu gani?" Una haki ya kujibiwa.